Twakariri kinasasauti ambacho hatujakishika

Yeyote aliyewahi kufundisha Fasihi Simulizi katika shule ya upili nchini ataafikiana nami kwamba mada ya utafiti nyanjani haikosi wapenzi miongoni mwa watunga mitihani. Mwanafunzi huulizwa ataje mbinu za kukusanya data, naye hujibu bila kutatarika: kushuhudia, kushiriki, mahojiano, hojaji, kurekodi kwa kinasasauti, kupiga picha za video. Akiulizwa ubora wa kinasasauti, atasema kwamba huhifadhi kiimbo na toni ya mtambaji. Akiulizwa udhaifu wake, atasema kwamba hakinasi ishara za uso wala za mikono, na kwamba betri yaweza kuisha kabla ya ngano kuisha. Alama zote huzipata. Lakini mtoe nje mwanafunzi huyo huyo, umpe chombo chenyewe, umwambie akanase maneno ya mpishi wa shule kwa dakika tano. Atakuuliza kinabonyezwa wapi.

Silisemi hili kwa kumcheka mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa aina hiyo kwa miaka mingi, na gharama yake niliijua siku moja ambayo sijaisahau.

Mnamo 2018 niliwatuma wanafunzi watano wa Kidato cha Pili kwa bibi mmoja aliyeishi katika kijiji kisicho mbali na Msambweni, kaunti ya Kwale. Bibi huyo alikuwa amepindukia umri wa miaka themanini, na sifa zake za utambaji zilikuwa zimeenea hadi vijiji vya mbali. Wanafunzi walichukua rununu ya baba wa mmoja wao wakaenda. Walimkuta ameketi barazani, chini ya minazi, wakamwamkia, naye akawapokea kwa furaha ya mtu ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyekuja kumsikiliza. Aliwatambia ngano tatu. Akawaimbia na nyimbo za kutwanga, zile ambazo mabinti wa siku hizi hawazijui kwa kuwa unga hununuliwa dukani.

"Mjukuu wangu," alimuuliza yule aliyeishika rununu, "kisimu hiki kitaweza kuyabeba yote haya?"

"Kitaweza, bibi," kijana alijibu kwa yakini.

Tulipoisikiliza kazi hiyo darasani, upepo wa minazi ulikuwa umeifunika nusu ya ngano ya kwanza. Katika ngano ya pili, simu ya mtu iliingia na kurekodi kukakatika papo hapo, wala hapana aliyetambua mpaka bibi alipokwisha kufika mwisho. Ya tatu ndiyo iliyosikika vyema, pamoja na nyimbo. Tulicheka, nikawaambia kwamba tutarudi muhula ufuatao tumalizie. Likizo ya Agosti ikaingia. Baba mwenye rununu akaiuza, akanunua nyingine, na mnunuzi akafuta kila kilichokuwamo. Tuliporudi kwa bibi mwaka uliofuata, tuliambiwa alikuwa amezikwa mwezi wa Februari. Nilichobaki nacho hadi leo ni daftari la mwanafunzi mmoja aliyeandika fomula za kuanzia na za kumalizia, na majina ya wahusika wawili.

Nani wa kulaumiwa? Si baba aliyeuza mali yake. Si watoto, kwa kuwa walikwenda na yale waliyofunzwa. Mimi ndiye niliyewafunza udhaifu wa kinasasauti kwa chaki ubaoni, nikaacha kuwaambia mambo manne ambayo hayachukui hata nusu saa: kwamba rununu huwekwa katika hali ya ndege kabla ya kurekodi ili simu zisiingie, kwamba mtambaji huombwa aingie chumbani au akingwe na ukuta upepo ukivuma, kwamba chombo huwekwa karibu na kinywa chake, si mapajani mwa anayerekodi, na kwamba siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, nakala ya pili huwekwa mahali pengine.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu ya kelele ninazozisikia sasa kuhusu miradi ya darasani. Mtaala wa Umilisi umeutia ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10, katika Sekondari Pevu, Januari 2026. Kwa hivyo kila somo laagiza mradi: video ya upishi, mahojiano na mzee wa mtaa, bango la kuhimiza usafi, slaidi za kuwasilishwa darasani. Jambo hilo ni jema. Swali langu ni: nani anayemfunza mtoto kuzitengeneza?

Nenda kwenye saiba yoyote mjini saa kumi na moja jioni, siku ya shule, nawe utalipata jibu. Utamwona mama aliyetoka kuuza mboga amesimama kwenye foleni na karatasi aliyoandikiwa na mwalimu. Mtoto amesimama kando yake, macho yako barabarani. Kijana wa saiba anaisoma karatasi, anatafuta picha mtandaoni, anazipanga, anaandika jina la mtoto juu, anachapisha kwa rangi, anapokea shilingi zake. Kesho yake mradi unapewa alama za juu kwa unadhifu. Katika mnyororo huo wote, aliyejifunza kitu ni kijana wa saiba, ambaye tayari alikuwa anajua. Mwenzake asiye na mama wa kumpeleka huko anapewa alama za chini kwa karatasi aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe.

Mtu ataniambia kwamba shule hazina vyombo. Baadhi hazina, nami nakiri. Lakini tusisahau historia ya karibuni. Kampeni za uchaguzi wa 2013 ziliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ahadi hiyo iligeuka kuwa vishikwambi, vikaanza kusambazwa 2016 kwa mkono wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta pamoja na washirika wao wa kigeni, na zaidi ya vishikwambi milioni 1 vikafikishwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kila kishikwambi kina kamera na kipaza sauti. Nimeingia katika shule kadhaa nikavikuta ndani ya kabati la chuma, ufunguo uko kwa naibu wa mwalimu mkuu, naibu yuko mkutanoni. Hofu ni kwamba vikivunjika mwalimu atadaiwa. Basi vimehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa hadi betri zikafa.

Katika shule za upili hali ni ya kinaya zaidi. Mwanafunzi wa bweni akikamatwa na rununu hurudishwa nyumbani, nami sitaki kuitetea rununu ya mfukoni saa sita za usiku, kwa maana nimekuwa msimamizi wa bweni na nayajua yanayotazamwa. Lakini kuna tofauti kati ya rununu ya mwanafunzi na rununu ya idara. Idara ya Kiswahili ikiwa na rununu mbili za kawaida, zisizo na kadi ya simu ndani yake, zikaandikishwa katika daftari kama vile vitabu vya fasihi huandikishwa, amri ya shule haijavunjwa na kazi imefanyika.

Mchagua jembe si mkulima. Kwa upande wa tarakilishi, programu ya Audacity ya kuhariri sauti, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, hailipiwi chochote na haihitaji mtandao ikishapakuliwa. Mwanafunzi huiona sauti kama mawimbi kwenye skrini: penye mawimbi makubwa mtu anasema, penye mstari mwembamba kuna kimya. Hukata kikohozi, hukata mahali ambapo mbuzi alipita, hupandisha sauti iliyo chini. Kelele ya upepo mdogo au ya feni yaweza kupunguzwa iwapo tu aliyerekodi alikumbuka kuacha sekunde chache za kimya kabla ya mazungumzo kuanza, ili programu iisikie kelele hiyo ikiwa peke yake na kuitambua. Sekunde hizo ndizo wanafunzi wangu huzisahau kila mara, nami huzidai kila mara.

Kuna mtego mmoja ambao umewaliza wengi. Mwanafunzi humaliza kuhariri, huhifadhi kazi, huitia faili katika flashi na kuipeleka shuleni, na huko haifunguki katika chombo cha kuchezea muziki. Sababu ni kwamba alichohifadhi ni mradi wa Audacity, si sauti. Mradi hufunguliwa na Audacity pekee. Sauti ya kupelekewa watu lazima itolewe kando, iwe MP3 au WAV. Tofauti ya hizo mbili nayo ina gharama yake. Dakika moja ya WAV ya kawaida, ya mkondo mmoja, huchukua takriban megabaiti 5. Dakika hiyo hiyo katika MP3 ya wastani huchukua takriban megabaiti 1. Ngano ya dakika ishirini, basi, ni megabaiti 100 au ni 20. Mzazi anayenunua data kwa shilingi ishirini ishirini anaijua maana ya hesabu hiyo kuliko mimi. Mimi huwaambia wanafunzi waiweke WAV kama kumbukumbu shuleni, na MP3 ndiyo itumwe.

Walimu wenzangu watauliza: katika darasa la wanafunzi 60, haya yafanyike vipi? Ni swali la haki. Mimi huwagawa katika vikundi kumi vya watu sita. Mmoja anahoji, mmoja anarekodi, mmoja anaandika ishara na mazingira (kwa kuwa, kama tujuavyo sote, kinasasauti hakinasi ishara za uso), mmoja anapiga picha akiruhusiwa, mmoja anahariri, na wa sita kazi yake ni moja tu: kutunza nakala. Huyo wa sita ndiye ninayemuuliza maswali makali zaidi. Vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika 80, vyatosha kwa mazoezi ya kwanza uani. Kelele itakuwapo. Mwalimu wa jirani atalalamika.

Kuhusu alama, nawaomba wenzangu waache kutuza urembo. Mwite mwanafunzi, umfungulie mradi wake, umwambie akuonyeshe mahali alipokata na sababu ya kukata. Aliyeifanya kazi atakuonyesha hata kabla hujamaliza swali. Aliyeinunua atatazama dari. Siku hizi zipo programu za akiliunde ziwezazo kutunga ngano na kuisoma kwa sauti ya bibi ambaye hajapata kuzaliwa. Kwa hiyo mimi hudai pia faili ya awali, ile ambayo haijaguswa, yenye jogoo na kikohozi chake, pamoja na jina la kijiji. Kijiji naweza kukitembelea.

Tusiwasahau walimu waliokwisha kutuonyesha kwamba yawezekana. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wasirejee hadi Januari 2021, masomo yalipeperushwa redioni na kwenye runinga. Lakini pia wapo walimu ambao hawakungoja redio. Waliketi jikoni, wakajirekodi kwa rununu wakieleza ngeli na vitate, wakawatumia wanafunzi wao. Hawakuwa wamesomea uanahabari. Nilizisikiliza baadhi ya rekodi hizo. Sufuria zilisikika, na somo nalo likasikika.

Jambo la mwisho ni la sheria, nalo hupuuzwa kuliko yote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto, picha zake zikiwamo, kutumiwa. Mnamo 2023 shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kadhalika kuna sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, ambayo yazitambua jamii kuwa wenyewe wa masimulizi na nyimbo zao. Kwa hiyo mwanafunzi amwambie mtambaji tangu mwanzo: tunarekodi, itasikilizwa darasani, haitapelekwa mtandaoni usipokubali. Ajibu kwa sauti yake, na jibu hilo liwe la kwanza kurekodiwa. Nimepata kuona ngano ya mzee imetundikwa mtandaoni chini ya nembo ya shule, jina la mzee halimo, na mzee mwenyewe hana habari. Ukimwambia mwalimu husika kwamba huo ni wizi, anashangaa.

Jumamosi ijayo nitakwenda Gazi pamoja na wanafunzi sita kwa mzee mmoja aliyekuwa mvuvi, ambaye ana visa vya baharini na nyimbo za kuvutia nyavu. Tutabeba rununu mbili, shuka la kuziba dirisha upepo ukizidi, na daftari. Mzee ameshatukubalia, ila kwa sharti kwamba nakala ya kwanza aachiwe yeye kabla hatujaondoka, na kadi ya kumbukumbu ya kuitia amekwisha kumtuma mjukuu wake akainunue Ukunda.