Mjomba na bastola ya plastiki

Siku nyingi sijaandika, si mnajua tena mambo ya likizo. Niko home Kasulu, mvua haikatiki, ila kwa migebuka ninayokula huku ile kantini yetu nimeshaisahau kabisa.

Basi bwana, juzi nikaenda kumsalimia mjomba wangu, ana duka hapa mjini. Nyumba ya jirani yake ilivunjwa usiku mvua ikipiga bati, hakuna aliyesikia kitu. Tangu siku hiyo mjomba halali. Nikamkuta na simu, anaangalia video za Wamarekani wanaolinganisha bastola za bei poa, zile zenye bodi ya plastiki ngumu. "Mjomba, wewe msomi, hebu nitafsirie hapa." Nikatafsiri: weka alama za kulengea zinazong'aa gizani, funga tochi chini ya mtutu, badilisha springi triga iwe laini.

Hapo kwenye triga ndo nikakataa, tukabishana mpaka chai ikapoa.

Plastiki yenyewe sina ugomvi nayo. Jeshi la Austria lilichukua Glock mwaka 1982, na toka hapo watu wakaanza kuiamini, leo viwanda kibao vinatengeneza za aina hiyo kwa bei nafuu. Ni nyepesi na bodi haishiki kutu. Mtutu na sehemu ya juu bado ni chuma lakini, na kwa unyevu wa huku ukiisahau kabatini bila mafuta utakuja kulia. Tochi nayo sawa, angalau unamwona uliyemnyooshea.

Ila hizi bastola nyingi hazina kitufe cha usalama cha pembeni, usalama unaoushika kwa kidole upo palepale kwenye triga. Sasa uilainishe zaidi, halafu uamshwe saa nane usiku, mikono inatetemeka, umeme hakuna! Na nyumba zetu mnazijua. Milango ya vyumbani mbao nyembamba, siling bodi juu, kuta nyingine hazifiki hata kwenye paa. Risasi ya milimita 9 inapita hapo bila hodi. Nikamuuliza, "Mjomba, watoto wanalala upande gani?" Akanyamaza.

Sisemi anaogopa bure. Alipouawa Rais Ndadaye wa Burundi mwaka 1993, kisha vita ya Kongo ya 1996, mpaka wetu ulipitisha watu wengi na silaha nazo zikapenya. Kuna miaka mabasi ya njia za huku yalisindikizwa na polisi wenye bunduki. (Msinianzie kuwatupia wakimbizi mzigo wote. Wengi walioko Nyarugusu walikimbia bunduki hizohizo.) Lakini jambazi mwenye SMG hatishwi na bastola ya mwenye duka. Akisikia unayo ataifuata hiyohiyo, na mji huu siri haikai, hasa siri ya mwenye duka.

Mimi naona hivi: hela ya vikorombwezo aiweke kwenye mlango wa chuma, taa ya sola nje, mbwa, na filimbi ambayo majirani wamekubaliana maana yake. Akibaki na hamu ya bastola, aombe leseni kama sheria ya silaha ya 2015 inavyotaka, anunue ilivyotoka kiwandani, na hela iliyobaki aimalizie kwenye mafunzo na sefu ya kufungia. Bastola ya bei poa mikononi mwa aliyefundishwa ina maana kuliko ya gharama kwa mtu wa video.

"Wewe unasomea ualimu, sio upolisi," akanijibu. Nikacheka, nitasema nini.

Jana fundi wa kuchomelea alikuja kupima mlango. Mjomba bado anaangalia zile video, ila nikipita anazima sauti. Tehe tehe!