DEMOKRASIA ISIYOMFIKIA MTOTO WA MGONGO WAZI



Hospitali kuu ya Kisumu, ambayo wenyeji huiita "Russia", ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969. Siku iyo hiyo risasi za dola ziliwaua raia waliokusanyika, na siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku. Leo hospitali ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, aliyetiwa kizuizini kwa siasa hizo. Basi asituambie mtu kwamba afya ni kazi ya madaktari peke yao na siasa ni ya majukwaani.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, ikampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya. Tunauliza: haki hiyo imemfikia mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi?

Hata baada ya upasuaji, watoto wengi wa namna hii hawawezi kutoa mkojo wenyewe. Sharti utolewe kwa mpira kila baada ya saa nne hivi, la sivyo figo zitaharibika. Kazi hiyo humwangukia mama. Mchuuzi wa samaki wa Dunga au Usenge atangojaje mashua alfajiri, na papo hapo awe nyumbani na mpira mkononi? Huacha biashara. Stakabadhi ya hospitali haiandiki hasara hiyo, wala nepi za mtoto wa miaka kumi, wala nauli ya kwenda kutibiwa Kijabe, karibu kilomita 300.

Serikali inatoa nini? Inua Jamii huipa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa waliobahatika kuandikishwa. Ni kama shilingi 66 kwa siku. Mheshimiwa gani anakunywa chai kwa fedha hizo?

Uti wa mgongo hujifunga kabla ya siku ya 28 ya mimba, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Vidonge vya asidi ya foliki vikitolewa kliniki mwezi wa tano, vimechelewa. Tangu 2012 sheria imeagiza unga wa paketi uongezewe kirutubishi hicho, ambacho hupunguza sana hatari hii. Lakini maskini hula unga wa mashine ya kusagia ya mtaani, ambao agizo hilo halikuugusa.

Nanyi makanisa, komesheni minong'ono ya chira na laana. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walitafuta mwenye dhambi kwa sababu ya kipofu, Bwana aliwakatalia.

Tunadai haya. Kwanza, mipira na nepi zitolewe bure katika zahanati za kaunti zote za Ziwa. Pili, mama mlezi alipwe posho inayolingana na kazi aliyoiacha. Tatu, wasichana wapewe asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, na mashine za mtaani zisaidiwe kuitia katika unga.

Afya imo mikononi mwa kaunti tangu 2013, na sheria inawapa wananchi sauti katika bajeti. Kila parokia na kila kikundi kipeleke watu katika vikao hivyo, akina mama hawa wakiwa mbele. Na atakayekuja kuomba kura aulizwe kwanza: mipira ya mtoto huyu imo katika ukurasa upi wa bajeti yako?