Mfereji Huu Ni wa Nani?

Wako watu wasemao kwamba miradi ya kilimo ya misheni katika nchi za ukame hufa kwa uvivu na ujinga wa wenyeji. Neno hili limesemwa mara nyingi hata sisi wenyewe twalirudia. Mimi nalikataa, na ushahidi wangu nautoa Kuruman, katika nchi ya Watswana, Afrika Kusini.

Kuruman iko ukingoni mwa jangwa la Kalahari. Mvua ni haba, lakini pale ipo chemchemi kubwa itoayo lita milioni 20 hivi kila siku, hata wakati wa ukame. Bwana Robert Moffat, wa London Missionary Society, alifundishwa kazi ya bustani kabla ya kuwa mmisionari. Katika miaka ya 1820 yeye na wenzake walichimba mfereji kutoka mtoni, wakaleta maji katika bustani zao.

Katika kitabu chake cha 1842 Bwana Moffat aeleza jinsi wanawake wa kienyeji walivyoukata mfereji ule ili maji yaingie mashambani mwao. Ugomvi ulipozidi, wakaubomoa ukuta uliozuia maji, mto ukarudi katika njia yake ya zamani.

Wengi husoma habari hii wakacheka. Mimi sicheki. Kwa Watswana wa siku zile jembe lilikuwa kazi ya mwanamke, na mto ulikuwa wao kabla mgeni hajaufikia. Hata Bwana Moffat akiri kwamba wanawake wale walijiona kuwa na haki sawa ya maji. Je, huo ni ujinga? Ni swali la haki, lililoulizwa kwa jembe kwa sababu hapakuwa na baraza la kuliuliza.

Mtu ataniambia kwamba mfereji ule ulileta faida. Ni kweli, wala sikani. Baadaye wenyeji walijichimbia mifereji yao, wakapanda ngano, mahindi na tumbaku. Basi uvivu uko wapi? Mvivu hachimbi mfereji.

Lakini tazameni mwisho wake. Mwaka 1885 Waingereza waliitwaa nchi ile. Mwaka 1886 tume ya ardhi ikawapimia wenyeji sehemu zao, na chemchemi ikawa katika mji wa walowezi. Kisha sheria ya ardhi ya 1913 ikawakataza Waafrika kununua ardhi nje ya sehemu walizotengewa. Maarifa ya kumwagilia walikuwa nayo. Maji yenyewe yalikwenda kwa wengine.

Twajua sote jinsi wachungaji wa Gerari walivyogombana na watu wa Isaka juu ya visima. Ugomvi wa maji ni wa zamani, wala hauponywi na wema wa mchimbaji peke yake.

Kwa hiyo, akija mtu kwetu na pampu na mabomba, tumshukuru na kumkaribisha. Lakini kabla hatujashika majembe, tumwulize waziwazi: Maji haya ni ya nani? Nani atagawa zamu? Pampu ikivunjika, nani atajua kuitengeneza? Na hati ya shamba imeandikwa jina la nani? Asiyetaka kujibu maswali haya, heri tungoje mvua.