Taifodi inajihariri ndani ya mtu asiyeumwa

Leo naweka kompyuta kando kidogo, nizungumzie programu ya namna nyingine: ile iliyo ndani ya bakteria wa taifodi.

Kila nikienda nyumbani Gusii, iwe Kisii au Nyamira, sikosi jirani aliyepimwa kliniki, akaambiwa ana taifodi na kurudi na mfuko wa dawa. Kipimo mara nyingi ni Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Hakitafuti bakteria, kinatafuta kingamwili, yaani alama za vita ambavyo mwili umepigana. Hata vita vya zamani, au vya salmonela wa aina nyingine, vinaweza kukifanya kiseme ndiyo. Ni kama mimi nitafute hitilafu kwa kuwauliza watumiaji kama wamewahi kukasirika, bila kuifungua programu yenyewe.

Programu ya taifodi ilifunguliwa mwaka 2001, jenomu yake ya kwanza ilipochapishwa. Ni herufi milioni 4.8 hivi. Kwa kuwa herufi ni za aina nne tu, biti 2 zinatosha kwa kila moja. Nimepiga hesabu: megabaiti 1.2, inaingia kwenye disketi moja na nafasi inabaki! Jeni zaidi ya 200 humo zimeharibika, msimbo mfu ambao hakuna aliyeufuta. (Kazini nimeona mbaya zaidi.)

Sasa, kuna watu wachache wanaopona, au wasiougua kabisa, huku bakteria wakibaki kwenye kibofu cha nyongo, hasa penye vijiwe, wamejifunika utando. Wanaweza kukaa humo miaka mingi wakijinakili, na kila nakala ni nafasi ya kosa jipya. Watafiti waliochunguza vibofu vya nyongo vilivyotolewa kwa upasuaji huko Kathmandu, Nepal, walieleza mwaka 2020 kwamba bakteria wa humo walikuwa na jeni zilizokatika, na mabadiliko kwenye jeni za ganda la nje liitwalo Vi.

Vi ndiyo hasa chanjo mpya ya taifodi inaufundisha mwili kuitambua. Kenya ilianza kuitoa Julai 2025 kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Naiunga mkono chanjo hiyo kabisa, na asiwepo wa kusoma hapa akaenda kumficha mtoto. Ninachosema ni kwamba ukishaweka kufuli mpya mlangoni, mchunguze na anayekaa ndani ya nyumba.

Na wapo. Mwaka 2021 Samuel Kariuki wa KEMRI na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa chini ya miaka 16 katika mtaa mmoja wa mabanda Nairobi. Kati ya watoto 8,549 wasiougua, 95 walikutwa na bakteria kwenye choo, karibu 1%. Huenda wengi wao si wabebaji wa miaka mingi, lakini bakteria wao walichanganyikana na wa wagonjwa kwenye mti mmoja wa ukoo, na wengi walikuwa sugu kwa dawa kadhaa.

Kwetu vilima vimejaa watu: choo kiko juu, chemchemi iko chini. Widal haiwezi kutuambia Vi ya bakteria wetu ikoje. Pendekezo langu halihitaji mtambo wa ajabu. Vibofu vya nyongo vyenye vijiwe hutolewa hospitalini kila mara, kisha hutupwa. Nyongo hiyo ioteshwe maabarani kwanza, mgonjwa akikubali, na bakteria akipatikana apelekwe kusomwa jenomu. Vivyo hivyo damu ya wenye homa, badala ya Widal pekee.

Wasiwasi wangu uko kwenye orodha ya majina. Mary Mallon, mpishi wa New York aliyeeneza taifodi bila kuumwa, alizuiliwa 1907 hadi 1910, kisha tena kuanzia 1915 hadi alipofariki 1938. Mama anayepika hotelini Keroka akikutwa ni mbebaji, atahitaji dawa za wiki kadhaa na kitu cha kuwalisha watoto wakati huo. Jina lake likifika sokoni kabla ya dawa kumfikia yeye, jirani yake hatakubali kupimwa.