Usimlaumu kijana anayenguruma, kagua koo lako kwanza

Ikiwa una kijana nyumbani anayejifungia chumbani na kunguruma kama simba aliyenyang'anywa mzoga, bila shaka umeshajiuliza maswali mawili. La kwanza ni kama mtoto huyo ana akili timamu. La pili ni kama koo lake litafika Krismasi likiwa zima. La kwanza sitalijibu, kwani si kazi ya ukurasa huu. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana lilinifuata hadi sebuleni kwangu, na jibu nililopata silo nililolitarajia.

Mpwa wangu huimba roki ya metali. Kwa wale ambao hawajapata kuisikia, huu ni muziki wa magitaa mazito na ngoma za kasi, na aghalabu mwimbaji wake haimbi kwa sauti nyororo bali hunguruma au kupiga ukelele tangu mwanzo hadi mwisho. Usidhani ni mambo ya Ulaya na Marekani pekee. Nairobi imekuwa na makundi ya muziki huu kwa miaka mingi, na mwaka 2020 kundi la Duma la hapa jijini lilitoa albamu kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikilizwa mbali sana na Afrika Mashariki. Kwa hivyo mzazi anayesubiri upepo huu upite atasubiri sana.

Jumapili moja mpwa wangu alirudi kutoka kwenye tamasha asiweze hata kunisalimu. Alininong'oneza tu, "Mjomba, sauti imeenda." Kisha akanionyesha kitambaa chenye mate yaliyochanganyika na damu, na kilichonikera zaidi ni kwamba alinionyesha kwa fahari. Wenzake walikuwa wamemwambia kuwa asiyetoka damu hajaimba. Siku iliyofuata nilimfikisha kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari alipitisha mrija mwembamba wenye kamera puani hadi kooni, nasi tukaona kwenye skrini. Nyuzi za sauti, ambazo kwa kawaida huwa nyeupe, zilikuwa nyekundu na zimevimba. Hata hivyo, hapakuwa na kidonda wala uvimbe wa kudumu. Aliamriwa anyamaze kabisa kwa wiki moja, na asinong'one pia, kwani watu wengi hujilazimisha wanaponong'ona na kulichosha zaidi koo lililoumia. Nikaanza kumhubiria kijana pale pale. Daktari akanikatiza: "Na wewe mzee, hiyo sauti yako imekuwa hivyo tangu lini?"

Nilifundisha shule kwa miaka 22. Madarasa ya wanafunzi 60 na zaidi, paa la mabati, barabara ya malori nje ya dirisha, vumbi la chaki mezani. Sauti yangu ilianza kukwaruza muda mrefu uliopita nami nikaona ni uzee tu. Kamera ilipoingia kwangu, ilikuta vinundu viwili, kimoja kila upande, vikitazamana kama majirani wenye ugomvi. Mimi ambaye sijawahi kuimba chochote kizito kuliko wimbo wa kanisani ndiye niliyekuwa na koo baya zaidi katika chumba kile.

Hebu tuangalie sauti hutokaje. Ndani ya zoloto, lile sanduku la sauti ambalo kwa wanaume hutokeza mbele ya shingo, kuna mikunjo miwili midogo tunayoiita nyuzi za sauti. Urefu wake ni kama upana wa ukucha wa kidole gumba. Pumzi inapopanda kutoka mapafuni, nyuzi hizi hugongana na kuachana kwa kasi ya ajabu: mwanamume anapozungumza kawaida ni zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja, na mwanamke ni kama mara 200. Piga hesabu ya dakika 40 za somo moja la hisabati, utaona ni mamia ya maelfu ya mapigo. Sasa mwalimu akipaza sauti ili mtoto wa dawati la nyuma asikie, nyuzi hazipigani mara nyingi tu, bali zinapigana kwa nguvu. Vinundu huota kama sugu kwenye kiganja cha mkulima.

Juu kidogo ya nyuzi hizo kuna mikunjo mingine miwili, minene na laini zaidi, ambayo wataalamu huiita nyuzi za bandia. Katika mazungumzo ya kawaida haina kazi kubwa, lakini hukaza unapokohoa au unapoinua gunia. Hapa ndipo penye siri ya mngurumo. Mwimbaji wa metali aliyefunzwa vyema hasugui nyuzi zake za kweli zipasuke, bali hutumia pumzi iliyotulia kuitikisa ile mikunjo ya juu pamoja na nyama nyingine za mlango wa koo. Ule ukali unaousikia unatoka huko kwa sehemu kubwa. Watu wa Tuva, kule kusini mwa Siberia, wana mtindo wao wa jadi uitwao kargyraa unaotumia mikunjo hiyo hiyo kutoa sauti nzito ya ajabu, nao hawakungoja gitaa la umeme ndipo waujue.

Kwa hivyo kunguruma si sawa na kupiga kelele kwa hasira. Anayepiga kelele kwa hasira hukaza shingo, mishipa ikamtoka, akasukuma pumzi yote kwa mkupuo mmoja. Mngurumo wa kitaalamu huanzia kwenye kushusha pumzi kama mtu aliyeketi baada ya safari ndefu: "haaa." Sauti ile hukolezwa polepole hadi mkwaruzo mdogo usikike, tena kwa sauti ya chini. Ndiyo, ya chini. Waimbaji wengi wazuri wa mtindo huu hawapigi kelele kubwa kama unavyodhani ukiwasikia kwenye spika, kwani kazi ya kukuza sauti ni ya maikrofoni. Mpwa wangu alipoambiwa hivyo na daktari alinuna, akaona kama amefichuliwa.

Nchini Marekani mwalimu wa sauti Melissa Cross wa New York alitoa mwaka 2005 video ya mafunzo iitwayo The Zen of Screaming, iliyowalenga waimbaji wa aina hii hasa. Wapo walimu wengine tangu hapo. Msingi wa mafunzo ya namna hii ni kwamba kwanza mtu ajue kupumua kwa tumbo na mbavu badala ya kuinua mabega, kisha ajue kuimba kawaida, na mkwaruzo uje mwisho. Kijana anayeruka hatua mbili za mwanzo anajenga ghorofa bila msingi, na sisi wakazi wa Nairobi tunajua ghorofa za namna hiyo huishia wapi.

Kuna zoezi moja ambalo ningependa ulijaribu hata kama huimbi. Chukua mrija wa soda, uweke mdomoni, kisha vuma kupitia humo kwa sauti nyepesi, ukipanda na kushuka kama king'ora kinachosikika kwa mbali. Ingo Titze, mwanasayansi wa sauti wa Marekani, ndiye aliyelieneza zoezi hili zaidi. Hewa inayozuiwa na mrija hurudisha msukumo mdogo kooni, nao huzisaidia nyuzi zitetemeke bila kugongana kwa nguvu. Dakika chache asubuhi zinatosha. Mke wangu alicheka siku ya kwanza, sasa amezoea.

Anayejifunza mngurumo afanye mazoezi kwa dakika 10 au 15, apumzike, na asiendelee pale koo linapowasha, linapochoma au linapomlazimisha kukohoa. Maumivu hapa si ushujaa. Sauti ya kuzungumza ikibadilika baada ya mazoezi, kuna jambo linalofanywa vibaya. Na damu, msomaji, ni damu. Mshipa mdogo ukipasuka kwenye uzi wa sauti na mtu akaendelea kuimba, anaweza kubaki na kovu asilolitoa tena.

Hata dawa za kienyeji za koo zina utata wake. Wengi wetu tunaamini kuwa asali, tangawizi na ndimu huzipaka nyuzi za sauti mafuta. Hazizifikii hata kidogo. Unapomeza, mlango wa zoloto hufungwa ili chakula kisiingie kwenye njia ya hewa, na kama asali ingefika pale ungekuwa unapaliwa. Chai hiyo inaburudisha koo la juu, basi, nami sikukatazi. Mayai mabichi yaache kabisa, hayaongezi sauti na yanaweza kukuletea ugonjwa wa tumbo. Maji ndiyo yanayosaidia, ila husaidia kwa kupitia mwilini, kwa hivyo kunywa tangu asubuhi badala ya kugugumia chupa nzima dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Kuvuta mvuke wa maji kunasaidia pia. Sigara inazikausha na kuziunguza nyuzi zile zile unazozitegemea. Nyama choma ya saa sita usiku, ukalala papo hapo, hupandisha asidi ya tumbo hadi kooni, na asubuhi unaamka na sauti ya chura.

Jihadhari pia na vidonge vya maumivu. Aspirini na jamii yake hufanya damu iwe nyepesi kutoka, na mtu aliyefisha maumivu ili aweze kuimba amezima kengele ilhali moto unawaka.

Watu wataniuliza: mbona basi usimkataze tu? Kwa sababu hatari haimo katika aina ya muziki. Adele, ambaye hakuna anayeweza kumshtaki kwa kunguruma, alivuja damu kwenye nyuzi za sauti na kufanyiwa upasuaji mjini Boston mwaka 2011. Julie Andrews, aliyekuwa na sauti safi kama maji ya chemchemi, alipoteza sauti yake ya kuimba baada ya upasuaji wa koo mwaka 1997. Kwetu hapa, makanga anayeita abiria tangu alfajiri, muuza mitumba wa Gikomba, mhubiri wa barabarani aliyenunua spika mbovu, na shabiki wa kandanda wote wanaumia bila kulaumiwa na yeyote. Na mwalimu, ambaye sauti ndiyo jembe lake, hupita chuoni akafunzwa namna ya kuandaa somo na kusahihisha vitabu. Mimi sikufunzwa hata saa moja namna ya kutumia koo langu. Nadhani hilo ni kosa kubwa, na wanaotunga mitaala ya vyuo vya ualimu wanapaswa kulieleza.

Ikiwa sauti yako, au ya mtu wa nyumbani mwako, imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua ya kueleweka, usiendelee kununua peremende za koo. Muone daktari wa masikio, pua na koo akuchunguze kwa kamera. Mara nyingi ni jambo dogo. Pengine ni vinundu, ambavyo kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa mazoezi na mtaalamu wa tiba ya usemi kabla ya kisu kutajwa. Kwa mvutaji sigara, haswa aliyepita miaka 40, inaweza kuwa dalili ya saratani ya zoloto, nayo hutibika vyema zaidi ikigunduliwa mapema.

Mpwa wangu alirudi kuimba baada ya wiki kadhaa, akaanza upya kwa kushusha pumzi kama mtoto. Kitambaa hajanionyesha tena. Vinundu vyangu vimepungua lakini havijaisha, na mwezi ujao tuna miadi na daktari siku moja, yeye saa tatu, mimi saa tatu na nusu.