Hata Mwizi wa Mchezoni Ana Arobaini Zake

Karibu kila kundi la michezo ya kuigiza mtandaoni lina mtu mmoja ambaye, wahusika wakianza tu kugawanywa, anawahi kusema: "Mimi naomba niwe mwizi." Baada ya jioni mbili tatu wenzake wameshamchoka. Amechomoa pochi ya mganga wa kundi, ameuza panga la askari wakati mwenyewe hayupo, na akiulizwa anajibu kwa mkato: "Si ndivyo mhusika wangu alivyo, jamani? Mlitaka niibe nini, hewa?" Watu wanamaindi, kundi linakaa kimya wiki nzima, na mwisho linaletwa pendekezo kwamba tusiwe na wezi kabisa.

Mimi napinga pendekezo hilo. Mwizi anayechezwa vizuri anaupa mchezo uhai kuliko shujaa yeyote. Ila kumcheza vizuri kuna masharti, na sharti kubwa wahenga walishalisema zamani: siku za mwizi ni arobaini. Anayetaka kuiba siku thelathini na tisa halafu siku ya arobaini akale kona, huyo hachezi mwizi. Huyo ni kibaka.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, mambo yako hivi. Mnakusanyika kwenye kundi la Discord au hata WhatsApp. Kila mmoja ana mhusika wake mwenye jina, kazi, tabia na uwezo. Msimamizi wa mchezo anawaeleza mlipo na mnachokiona, nanyi mnasema wahusika wenu wanafanya nini. Jambo lenye mashaka linaamuliwa na dadu. Kwa kanuni za sasa za Dungeons & Dragons, ukitaka kumchomoa mtu unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha wepesi wa mikono yako, na jibu linapimwa dhidi ya umakini wa unayemwibia. Ukifikisha, umepata. Usipofikisha, jiandae kukimbia.

Mchezo huo ulitoka Marekani mwaka 1974, na mwanzoni ulikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975 katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk. Tazama kazi alizopewa: kufungua kufuli, kutegua mitego, kutembea bila kishindo, kujificha gizani na, ndiyo, kuchomoa mifukoni. Nyingi kati ya hizo ni kazi za kuwafaa wenzake. Bila yeye kundi zima linasimama mbele ya mlango uliofungwa, au linaingia kichwakichwa kwenye mtego. Tangu mwanzo mwizi alikuwa mtu wa kundi.

Akichezwa hovyo, hasara inakuwa ya wote. Mfano ni Ultima Online, mchezo ulioanza mwaka 1997 na kuwaweka maelfu ya watu katika dunia moja. Ndani yake kulikuwa na ujuzi wa kuchungulia mkoba wa mtu na ujuzi wa kuiba, na wapo wezi waliofanya kazi hiyo kwa ufundi hasa. Lakini malalamiko ya kuporwa na kuuawa ovyo yalizidi, na mwaka 2000 waendeshaji waliigawa dunia ile mara mbili. Upande mmoja ulibaki na mambo ya zamani. Upande wa pili hukuweza kumwibia wala kumuua mchezaji mwenzako bila ridhaa yake. Wachezaji wengi wakahamia huko kwenye amani, na pasipo na watu mwizi hana kazi.

Sasa masharti. La kwanza: mwibie mhusika, usimwibie mchezaji. Mhusika ana ngao. Mchezaji ana muda na bando. Mtu amehangaika jioni kumi, bumu limechelewa, bando la kuungaunga, mpaka ngao ikapatikana. Ukiichukua yeye akiwa kwenye chumba cha mtihani, hakuna igizo hapo. Subiri awepo, ili naye apate nafasi ya kukushtukia. Vilevile usitumie ulichokisikia nje ya mchezo. Kwenye seva za kuigiza za GTA hilo ni kosa linalojulikana. Kama umesikia hosteli kwamba fulani ameficha pesa chini ya daraja, wewe unajua lakini mhusika wako hajui. Akienda moja kwa moja darajani, ana tofauti gani na mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani na majibu mfukoni?

La pili: iba kupitia mlango ambao mwenye mali ameuacha wazi mwenyewe. Hapa mwalimu wetu ni Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani yake, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Alipoazima tena hakurudisha. Akasema safari hii imekufa. Jirani alalamike vipi, na aliyekubali kwamba sufuria huzaa ni yeye? Tunacheka kwa sababu tamaa ya mwibiwa nayo imefanya kazi. Ndivyo inavyotakiwa mchezoni. Mwenzako amemtengeneza mhusika mwenye majivuno, au haraka, au anayependa kusifiwa. Pitia hapo. Atapoteza mali, lakini atakuwa amepata nafasi ya kumwonyesha mhusika wake jinsi alivyo, na ndicho kilichomleta.

La tatu: mwizi awe na sababu, na aache alama. Kwenye kundi letu muhula uliopita nilimcheza Mzee Kufuli, fundi wa kufuli aliyenyang'anywa kibanda chake na mfanyabiashara wa nafaka kwa sababu ya deni. Usiku mmoja aliingia kwa yule mfanyabiashara, akaacha dhahabu palepale ilipo, akachukua daftari la madeni. Dirishani nikaomba ibaki nta kidogo, ile aliyoitumia kunakili ufunguo. Aliyecheza mfanyabiashara ni dada mmoja wa mwaka wa pili anayesoma sheria, na ile nta aliifuata jioni nne nzima. Alikwenda kwa wauza mishumaa, akahoji watoto wa bandarini, akatangaza zawadi. Nilimwona anakaribia, nikamwacha akaribie.

Alinikamata. Baraza la mji likakaa, yeye akiwa mshtaki, na daftari likasomwa mbele ya watu. Madeni yaliyokwishalipwa yalikuwa bado yameandikwa. Usiku ule watu ambao kwa kawaida wanaaga saa nne walikuwepo mpaka saa saba. Mzee Kufuli alifungwa, na mfanyabiashara akaanza kudaiwa majibu na mji mzima. Hakuna aliyemaindi, hata aliyeibiwa.

Hilo ndilo sharti la nne: arobaini ikifika, ikubali. Kwenye seva za GTA kuna kanuni kwamba ukielekezewa bastola lazima uonyeshe unauthamini uhai wako. Huwezi kucheka na kukimbia ovyo eti kwa sababu ukifa utarudi tena. Mwizi asiyeogopa kukamatwa hachezi chochote, anabonyeza tu vitufe. Na asiyekubali kukamatwa anawanyima wenzake nusu ya hadithi, maana kuna watu walichagua kuwa askari, mahakimu na wenye mali, nao wanataka siku yao.

Mwenzangu mmoja aliniuliza swali ambalo sikulipuuza: "Hosteli hizi watu wanaibiwa laptopu zenye utafiti ndani, wewe unaona raha gani kumcheza mwizi?" Swali la haki kabisa. Laptopu ikiibwa wiki ya kukusanya utafiti, ni mwaka wa mtu unaondoka nayo. Sina maneno matamu ya kumpa aliyeibiwa hivyo.

Ila tuangalie tunavyofanya mwizi akipatikana. Neno moja, "Mwizi!", na watu waliokuwa wamepanga foleni ya chipsi wanaokota mawe. Wengine wanatafuta tairi. Hakuna anayeuliza jina lake, wala kama kweli ni yeye. Wapo waliokufa kwa kufananishwa tu. Mtaani arobaini ya mwizi inaweza kuwa kifo bila maswali. Mchezoni arobaini ni kikao: aliyeibiwa anasema, aliyeiba anasema, mji unaamua. Sioni kwa nini vijana wa chuo wakatazwe kufanya mazoezi ya kikao.

Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa igizo dhima kama mbinu ya darasani. Unagawa nafasi, wanafunzi wanaigiza, kisha kila mtu anavua nafasi yake na mnajadili: ulijisikiaje, kwa nini ulifanya vile, ungefanya nini tofauti? Igizo bila majadiliano ni burudani tu, somo liko kule mwisho. Makundi yetu ya mtandaoni yanairuka hatua hii, na nadhani ugomvi mwingi unatokea hapo. Napendekeza kila jioni ambayo mtu ameibiwa mchezoni imalizike kwa dakika kumi za kuongea kama wachezaji, majina yetu halisi, bila wahusika. Aliyeibiwa aanze.

Tena si suala la mchezo tu. Nikimaliza hapa nitasimama mbele ya darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na siku moja hela ya mtoto itapotea. Njia rahisi zipo na tumezipitia wengi wetu: viboko kwa darasa zima, au kumnyooshea kidole yule ambaye sare yake imechanika. Nataka siku hiyo niwe mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mwizi na kujua kwamba kumwelewa ni jambo moja na kumwachia ni jingine. Mzee Kufuli alifungwa. Lakini alisikilizwa kwanza.

Kwa hiyo washkaji, msiwafukuze wezi kwenye makundi yenu. Wafanyieni usaili. Anayetaka nafasi hiyo ajibu maswali matatu kabla mchezo haujaanza: mhusika wako anaiba kwa sababu gani, kitu gani hawezi kukiiba hata iweje, na nani anaweza kumkamata? Akikosa jibu la swali la tatu, mpeni nafasi ya mganga. Waganga siku zote ni wachache.