Kati ya buti za askari na "Baba Yetu", mimi nimechagua

Waulize vijana wetu wa Goma na Bukavu wanaocheza michezo ya vita kwenye kompyuta ni muziki gani unaowapendeza. Wengine watakutajia Red Alert ya 1996: gitaa nzito za Frank Klepacki na mlio wa buti za askari. Ni muziki wenye nguvu, sikatai. Lakini unafanya vita kuwa tamu, na huku kwetu mlio wa buti si mchezo.

Civilization IV, iliyotoka 2005, inafungua kwa namna nyingine kabisa. Kabla hujatuma askari hata mmoja, kwaya inaimba "Baba Yetu", sala ile ile tunayosali kila Jumapili, tena kwa Kiswahili. Uliutunga Mmarekani Christopher Tin, na waimbaji walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford. Mwaka 2011 ukapata tuzo la Grammy, wa kwanza kutoka mchezo wa video.

Kwa Civilization VI, mwaka 2016, Tin alitunga wimbo wa Kiitaliano kutoka maandishi ya Leonardo da Vinci. Unapendeza, ila haunishiki moyo, hata kama mchezo huo una ufalme wa Kongo ndani yake.

Kinachoniuma ni hiki: Kiswahili hicho kilisikika duniani kwa sauti za Stanford, baadaye za Soweto. Kwaya za parokia zetu zinafanya mazoezi kila juma. Nani amekuja kuzirekodi?